Siagi Isiyonuka

Miaka ile Mdachi alipokuwa amejenga boma lake Bukoba, mgeni aliyefika Ndama, huko Karagwe, akiitafuta nyumba ya Othman mfanyabiashara hakuwa na haja ya kuuliza. Alifuata pua yake tu. Kabla hajaiona migomba ya uani wala mizigo ya ngozi na buni iliyosubiri wapagazi, alikwisha kupokewa na udi, karafuu na waridi, akajua kwamba Mwanamisi yumo ndani.

Mwanamisi alikuwa mke wa Othman. Alizaliwa Bagamoyo, akaolewa Tabora, akafika Karagwe na msafara wa mumewe, mtoto mgongoni, na nyuma yake mpagazi aliyebeba kasha la manukato. Njiani waliacha magodoro, waliacha masufuria, waliacha hata mbuzi aliyekwisha nunuliwa. Kasha halikuachwa. Othman alizoea kusema mke wake ana pua mbili, moja ya kupumulia na nyingine ya kujivunia, na Mwanamisi alicheka kwa sababu ilikuwa kweli. Wake wa wafanyabiashara wenzake walimwendea kila penye arusi, wakamsifu mpaka akachanganyikiwa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na Mwanamisi aliposifiwa alizidisha mdalasini.

Basi ilipofika zamu ya arusi ya mwanawe mwenyewe, ungetegemea nini?

Binti huyo ndiye Mwajabu, mtoto yuleyule wa mgongoni, sasa mwanamwali, mpole kupita kiasi. Alikuwa ameposwa na Zubeiri wa Bukoba, kijana wa duka la nguo, na mama yake Zubeiri, Bi Mwaja, alituma habari kwamba atakuja mwenyewe kumwona mkwewe kabla ya kufunga ndoa. Mwanamisi akamweka binti ndani, akafunga pazia, akaanza kazi. Kila siku alimsugua mwili kwa singo, ule mchanganyiko wa unga wa mchele, liwa na mawaridi makavu ambao mabibi harusi wa pwani hulainishwa nao. Kisha alimpaka mafuta aliyoyapika mwenyewe: ya ufuta, yenye karafuu, yenye magome ya mdalasini, na juu yake, kama alivyojipaka mwenyewe tangu usichana, kichupa cha mafuta makali ya mdalasini kilichotoka kwa Mhindi mmoja Bukoba. Mhindi alisema tone moja latosha chungu kizima. Mwanamisi aliona Wahindi wana ubahili hata wa maneno, akamimina.

Na sharti alilitoa siku ya kwanza kabisa. "Bibi harusi hana mdomo, mwanangu," alisema. "Halalamiki, hajikuni, hasemi nina njaa. Mimi somo wangu aliniambia hivyo, na kama ningefungua mdomo angenifinya."

Mwajabu akafunga mdomo.

Wekundu ulianza shingoni. Mwanamisi akasema ni joto la ndani. Ukapanda mashavuni, ukatoa vipele vidogo vinavyolia maji, vikakauka, ngozi ikapasuka na kuwa nene, yenye mabaka meusi na mekundu. Mwanamisi akasema damu ya ujana inatoka. Kope zilipovimba hakuwa na la kusema tena, akamwita mumewe.

Othman aliinua pazia, akamtazama binti yake, akatoka uani. Alisimama kwenye migomba akiutafuna mdomo wake. Aliporudi alisema kwa sauti ya chini, "Mama Mwajabu, kule Tabora niliona watu walioanza hivi."

Hakulitaja jina la ugonjwa. Hakuna aliyependa kulitaja, maana ilisemekana ukoma ukiitwa huitika. Lakini Mwanamisi alilisikia kama limepigiwa ngoma. Alijua anayeupata anapelekwa wapi: kibanda cha nyasi mbali na mashamba, chakula kinaachwa njiani juu ya jani, na anayekileta hageuki kutazama. Mwanawe mmoja, huyo huyo. Na Bi Mwaja alikwisha toka Bukoba.

Unajua mtu akiogopa hufanya lile analolijua, hata kama halifai. Mwanamisi alijua manukato. Karafuu ni dawa ya jino, mdalasini ni dawa ya tumbo, kwa nini visiwe dawa ya uso? Dawa ya moto ni moto. Akamsugua binti mara mbili zaidi, akampaka mara mbili zaidi, na uso ukawa mara mbili mbaya zaidi. Alilia kichupa mkononi.

Mfa maji haachi kutapatapa. Siku Kokugonza wa Nyakakika alipopita na kibuyu chake cha siagi, kama alivyozoea kupita, Mwanamisi alimshika mkono akamvuta mpaka chumbani. Kabla ya hapo hakuwahi kumpitisha hata ukumbini. Kokugonza alikuwa mwanamke wa makamo, mcheshi, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, na Kiswahili chake alikiokota sokoni kwa wapagazi, akakijaza pale kilipopungua kwa Kinyambo, lugha ya kwao.

"Shikamoo, mama," Mwajabu alisema kutoka gizani.

"Marahaba, mwana wangu. Mawe!" Kokugonza alishtuka kwa Kinyambo. "Nani amekuchoma?"

"Hakuchomwa," Mwanamisi alisema. "Anaumwa. Niambie kweli, wewe umezaliwa huku, umeona mengi. Ndio ule?"

Kokugonza aliinamia uso wa binti, akaugeuza huku na huku, akatikisa kichwa. "Mimi sijui kama ule au si ule. Mimi najua ngozi hii imechoka. Sikia. Acha kumsugua. Chukua siagi yangu, amajuta haya haya, osha na maji baridi, osha tena mpaka maji yatoke meupe. Mpake asubuhi, mpake jioni. Lakini siagi isinuke! Umesikia? Ikinuka, haponi. Isinuke kabisa."

"Isinuke," Mwanamisi akaitikia.

"Hata kidogo."

"Hata kidogo."

Wakaagana vizuri, kila mmoja akiamini ameelewana na mwenziwe. Na hapo ndipo balaa lilipokaa, ndani ya neno moja dogo. Kwa Mwanamisi, mtoto wa Bagamoyo, kunuka ni kunuka: samaki aliyelala, soksi ya askari, mzoga. Waridi halinuki. Waridi lanukia, na asiyejua tofauti hiyo hajalelewa. Kokugonza hakulelewa Bagamoyo. Kwa wapagazi alipata neno moja la kazi za pua akaona linatosha, akalitumia kwa ua na kwa mzoga bila upendeleo.

Mwanamisi aliiosha siagi kama alivyoagizwa. Aliiosha mpaka vidole vikakunjamana. Kisha akaisogeza puani, na loo! Moshi wa kibuyu, zizi, ng'ombe mwenyewe na ndama wake. Kwa pua yake siagi hiyo ilinuka, tena ilinuka sana. Na si ameambiwa ikinuka haponi? Akaiosha tena. Ng'ombe hakuondoka. Basi akalifungua kasha lake, akatia maji ya waridi, akatia karafuu ya kusaga, na ng'ombe alipoonekana bado yupo kwa mbali, akamfukuza kwa kilichobaki kichupani.

"Sasa hainuki," alisema, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi moyo wake ulitulia. Akampaka mwanawe kwa mkono wa upendo, taratibu, bila kusaza mahali.

Kesho yake Mwajabu hakuweza kufumbua macho.

Kokugonza aliporudi alimkuta Mwanamisi mlangoni, kanga kiunoni, sauti juu.

"We bibi! Umeniletea sumu? Nilikuamini, nikakuingiza chumbani kwangu, ukamharibu mwanangu!"

"Siagi yangu sumu? Watoto wangu sita wamekua nayo!" Kokugonza aliweka kibuyu chini, akampita, akaingia bila kukaribishwa. Mlangoni mwa chumba alisimama ghafla akapiga chafya, akapiga nyingine. "Nilikwambia nini? Nilisema isinuke!"

"Na hainuki!"

"Inanuka!"

"Inanukia!"

"Ndiyo, inanuka!"

"Bibi, una pua au huna? Hiyo ni karafuu! Hilo ni waridi! Inanukia!"

"Karafuu inanuka! Waridi linanuka! Wewe mwenyewe unanuka, nyumba yako inanuka, mimi nikitoka Nyakakika nakunusa kabla sijavuka mto!"

Katika maisha ya Mwanamisi hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba ananuka. Akafungua mdomo ajibu, na neno lililokuwa tayari kwenye ulimi likamgeukia. Akamtazama Kokugonza. Akatazama bakuli la siagi.

"Ulimaanisha," alisema polepole, "isiwe na harufu yoyote? Hata nzuri?"

"Sasa mimi nilisema nini?"

Kutoka kitandani, chini ya kope zilizovimba, Mwajabu akacheka. Kilikuwa kicheko kidogo kilichomuumiza midomo, lakini Mwanamisi alikisikia, akaketi sakafuni. Kokugonza akamwosha binti uso kwa maji matupu, akampaka siagi tupu, yenye ng'ombe wake mzima. Kabla ya kuondoka akalifunga kasha la manukato na kulikalia kidogo, kana kwamba litafunguka lenyewe.

Siku zilizofuata uvimbe ulishuka. Macho yalifumbuka, vipele vikakauka, maji yakaacha kutoka. Mwanamisi alimsogelea mwanawe kila baada ya sala, akaugeuza uso kwenye mwanga, akashukuru nusu. Nusu nyingine ilibaki na hofu, kwani mabaka yalikuwepo, ngozi ilibambuka, na Othman alisema maradhi yale hupumzika kama mtu mwenye mzigo, kisha hujitwika tena.

Bi Mwaja alifika akaikuta hali hiyo.

Alikuwa mjane mwembamba mwenye macho makavu, amechoka kwa safari, na njiani alikwisha kusikia. Habari hazina miguu lakini Karagwe zilimtangulia kila mahali alipolala. Aliketi, akapokea buni, akatafuna mbili tatu kwa adabu, kisha akasema, "Bwana Othman, mficha maradhi kifo humuumbua. Nimebakiwa na mtoto mmoja. Nionyesheni binti."

Othman akaanza kusema habari za mbu na mabadiliko ya hewa. Mwanamisi akamkatiza. Pengine ilikuwa mara ya kwanza kumkatiza mumewe mbele ya mgeni.

"Si mbu," alisema. "Ni mimi. Nilimpaka mafuta yangu ya manukato yakamchoma, nami nikadhani anaumwa, nikamzidishia. Siyafichi, Bi Mwaja. Ingia umwone."

Bi Mwaja akaingia, akamwona. Alikaa naye muda, akamshika kidevu kwa upole, akamuuliza habari zake. Alipotoka sauti yake ilikuwa na huruma, na huruma hiyo ilimtisha Mwanamisi kuliko ukali.

"Mafuta, unasema. Ni mafuta haya haya unayojipaka wewe?"

"Ndiyo."

"Miaka yote?"

"Tangu usichana."

"Na ngozi yako nzuri kama hariri. Basi dada yangu, mafuta yanajuaje nani wa kumchoma na nani wa kumwacha?"

Hilo ndilo swali ambalo Mwanamisi alikuwa akijiuliza mwenyewe na kulikimbia. Othman aliinamisha kichwa. Bi Mwaja akaanza kukusanya mtandio wake polepole, kama mtu asiyetaka kuondoka lakini ameona njia ni hiyo, na Mwanamisi alikiona kibanda cha nyasi, jani lenye chakula, na mgongo wa mtu anayeondoka, na mtu huyo ni yeye.

"Nipakeni tena."

Wote waligeuka. Mwajabu alikuwa amesimama penye pazia, uso wazi, bila ukaya.

"Mwanangu," Mwanamisi alinong'ona, "bibi harusi..."

"Najua, mama. Hana mdomo. Lakini tangu siku ya kwanza mafuta yale yalikuwa yananiwasha, nami nikanyamaza kwa sababu uliniambia. Yaliniwasha mpaka nikauma mto." Akakunja mkono wa kanzu. Ngozi ya ndani ya mkono, pale pasipofikiwa na mafuta sana, ilikuwa safi. "Nipakeni hapa mafuta ya mama. Na mkono huu wa pili nipakeni siagi ya mama Kokugonza. Mfunge kitambaa, Bi Mwaja afunge kwa mkono wake. Kesho tufungue. Kama ni mafuta, yatasema. Kama ni ugonjwa, mikono yote itakuwa sawa, na mimi mwenyewe nitakwenda ninakotakiwa kwenda."

Bi Mwaja alimtazama binti huyo kwa namna mpya. Akaketi tena. Akafunga vitambaa mwenyewe, fundo juu ya fundo, akakubali kulala.

Sijui kama iliwahi kuwapo nyumba iliyoomba dua kama ile. Watu huomba mtoto asiwashwe. Alfajiri Mwanamisi aliswali, akainua mikono, na akajikuta anasema, "Ee Mola, mwashe. Mwashe mwanangu, mtoe vipele, mafuta yangu yawe na hatia." Manukato yale yale aliyoyabeba kutoka pwani, aliyosifiwa nayo arusi hadi arusi! Angekubali yamwagwe yote njiani, angekubali kuitwa mchawi wa Ndama, mradi kile kilichomo kitambaani kiwe chekundu. Othman alijifanya anahesabu ngozi. Alihesabu rundo moja asubuhi nzima.

Adhuhuri ilipopita Kokugonza naye alikuja, hakuna aliyemwita, akaketi kizingitini na kibuyu chake. Bi Mwaja akaanza kufungua mafundo. Mkono wa siagi kwanza. Ngozi ilikuwa laini, inang'aa, haina doa. Mwanamisi hakuthubutu kufurahi, maana kama na mkono wa pili uko hivyo, yamekwisha.

Kitambaa cha pili kilianguka.

Baka lilikuwa jekundu, limevimba, limejaa vipele vidogo, na limeishia pale pale mafuta yalipoishia, kama limechorwa. Kisha Bi Mwaja akaligusa kwa ncha ya kidole.

"Yawasha?" aliuliza.

"Yawasha, mama," Mwajabu alijibu machozi yakimtoka. "Yawasha vibaya sana."

Mwanamisi alipiga kigelegele. Kilitoka kabla hajajua kinatoka, kirefu, cha arusi kamili, na Kokugonza akakipokea mlangoni kwa sauti ile ya kuitia ng'ombe, hata majirani wakatoka mashambani kuuliza mtoto gani amezaliwa. Othman alikuja mbio, akaona mkono, akakaa juu ya mzigo wa buni akafunika uso kwa kofia. Mwanamisi alimkumbatia mwanawe, akambusu mabaka ya mashavu moja moja. "Jikune!" alisema akilia na kucheka. "Jikune, mama yangu, jikune utakavyo!"

"Asijikune!" Kokugonza akafoka. "Mpeni siagi!"

Bi Mwaja aliwaacha watulie. Naye alikuwa akijifuta macho kwa pembe ya mtandio, akisingizia moshi, na jikoni hakukuwa na moto. "Basi ngozi za watu ni kama tabia zao," alisema mwishowe. "Mimi pia nilikuja na hofu yangu, Bwana Othman. Ijumaa hii tufunge ndoa. Nitamwambia Zubeiri asimkaribie huyu na udi nguoni."

Akafungua furushi lake, akatoa chupa ya maji ya waridi, mazuri, ya Maskati, aliyomletea bibi harusi. Akaitazama, akamtazama Mwajabu, akacheka, akamkabidhi Mwanamisi.

"Haya jipake wewe, dada. Wewe hayakuchomi."

Mwanamisi aliipokea kwa mikono miwili. Akaenda nayo mbali, uani, upande ambao upepo hauingii chumbani kwa binti, akajimwagia kidogo shingoni. Kisha, mchana kweupe, huku nyumba imejaa wageni na wali haujapikwa, alijilaza kwenye mkeka chini ya migomba, akalala usingizi ambao hakuupata tangu wekundu ulipoanza.